Puto Tatu na Neno Hongera

Nimebaki garini, injini inanguruma,
hita inanipuliza magoti na kuisahau miguu.
Theluji ya Duluth haianguki leo, inakuja kwa ubavu
kama mtu anayeruka foleni.
Kupitia dirisha la duka la dawa namwona Verlyn,
kofia mkononi, mbele ya kaunta,
kati ya dawa za kikohozi na chokoleti za wapendanao.

Kadi nne. Kila Alhamisi ni nne.
Dola mia tano kila moja, na ada juu yake,
dola tano na senti tisini na tano.
"Bei ya kahawa," husema,
mtu ambaye hajanunua kahawa njiani tangu tuoane.

Kaia wa kaunta lazima amwite meneja.
Meneja lazima aje na ufunguo.
Na lipo swali, limebandikwa kando ya mashine:
Je, kuna mtu anayekuambia ununue kadi hizi?
Kila Alhamisi wanamuuliza.
Kila Alhamisi anasema hapana.

Zawadi hizi hazina wa kupewa.
Kesho atazipeleka posta, azigeuze hawala,
hawala iende benki, benki ilipe deni la kadi ya mkopo,
na pesa itakuwa imerudi ilikotoka,
imechoka, haijanunua kitu,
imezunguka mji kama mbwa aliyekata kamba.
Kinachobaki ni pointi.
Pointi hazina uzito wala harufu.
Zinaishi kwenye daftari la kijani, kwa penseli,
kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa karani wa reli
miaka thelathini na mmoja:
tarehe, duka, ada, jumla.

Nilisema mara moja tu, nikisugua sufuria,
kwamba ningependa kwenda Aislandi
kuona maji yanayotoka ardhini yamechemka yenyewe,
bila mtu kuwasha kitu.
Nilisema tu. Alikuwa anatafuta bisibisi.
Miezi saba baadaye, kwenye droo ya soksi,
nikakuta kadi tupu zaidi ya mia,
zimefungwa kwa mpira kama karata za mcheza kamari.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili.
Elfu mia moja na ishirini, watu wawili, kwenda na kurudi.
Jumanne akafungua kompyuta:
shirika la ndege lilibadili hesabu usiku, sisi tumelala.
Elfu mia moja na tisini.
Haba na haba, sawa,
lakini kibaba kina mwenyewe,
na mwenyewe ameongeza kina.

Hakutukana. Alichonga penseli
hadi ikabaki kama njugu.
"Wiki thelathini na saba," akasema.
Nami kimoyomoyo nikazidisha ada:
dola mia nane na themanini, na senti sitini.
Tiketi huuzwa, Verlyn. Huuzwa kwa pesa, kama mkate.
Hilo sikulisema.

Sasa anatoka. Mikono mitupu.
Anasimama mbele ya gari, kioo kimeganda chote,
anatoa mfukoni kadi iliyokwisha,
puto tatu na neno Hongera,
anaanza kukwangua barafu, upande wangu kwanza.
Kitundu. Jicho lake. Halafu pua.

Anaingia na baridi yake yote.
"Wamekuuliza?"
"Wameniuliza."
"Ukasema?"
"Leo nikasema yupo. Nikasema ananisubiri garini,
ana skafu ya njano."
Anavua glavu, kidole baada ya kidole.
"Meneja akafunga kabati. Akanipa kijikaratasi
chenye namba ya polisi."

Nilicheka hadi kioo kikafunga ukungu,
ikabidi tungoje tena.